Pegasus walitoka salama, pangoni wakakwama

Kisa hiki kilitokea magharibi ya Unguja, kaskazi ikiwa inaelekea mwisho, siku ya pili baada ya mwezi kuandama. Chomboni walikuwa watu watano: nahodha, kiongozi wa wazamiaji, mume na mke kutoka Nairobi, na kijana mmoja wa Dar es Salaam. Hakufa mtu. Kijana wa Dar aliishia Matemwe kwenye chumba cha mgandamizo, kile cha kuwatibu wazamiaji waliopanda haraka mno, na tangu hapo wenzangu wa kazi hii ya uzamiaji wanabishana barazani kuhusu nani mwenye kosa. Nimezungumza na wote watano, na nimeisoma kumbukumbu ya kompyuta ya kuzamia aliyokuwa ameivaa kijana mkononi, inayorekodi kina, muda na hewa, ambayo haina ndugu wala rafiki. Majina siyaweki. Hata mwamba wenye pango siutaji, maana nawajua watu wetu: nikiutaja leo, keshokutwa kuna foleni mlangoni.

Barazani wamegawanyika. Wapo wanaosema kijana alitaharuki, na mtu wa kutaharuki hana kazi chini ya maji. Wapo wanaosema kiongozi ni mzembe, anyang'anywe cheti. Naona pande zote mbili zinaanza kukihesabu kisa kuanzia katikati. Watu wale waliingia pangoni kujificha na mkondo, na mkondo wenyewe waliukuta kwa sababu ya saa mbili zilizopotea bandarini asubuhi.

Saa mbili za bandarini

Kwa upande wetu wa mjini, siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kwa nguvu zaidi, maji humaliza kupwa kwenye saa nne asubuhi na kujaa pomoni kwenye saa kumi jioni. Kiongozi alilijua hilo na mpango wake haukuwa na kasoro kubwa. Aliazimia kuondoka saa tatu kasorobo, awashushe wageni kwenye mabaki ya Pegasus, manowari iliyozama, saa nne maji yakiwa yamesimama, kisha mzamo wa pili ufanyike kabla ya saa sita, kujaa kukiwa bado hakujapata nguvu. Mimi Pegasus ningeipeleka siku za maji mafu kabisa, mkondo ukiwa dhaifu, lakini wageni huja kwa tarehe za likizo zao, hawaji kwa mwezi.

Kijana wa Dar alikuwa anakuja na boti ya asubuhi. Boti ikachelewa, na begi lake nalo likachelewa kutoka. Usiku hakulala vizuri, asubuhi alikunywa kahawa tupu, na njiani alitapika. Alifika ufukweni kachoka, mwili umekauka maji, na hakuna aliyemuuliza. Hilo si dogo, kwa sababu mwili uliokauka huiondoa kwa shida naitrojeni, ile gesi ya hewani inayoyeyuka mwilini mtu akiwa chini ya maji.

Chombo kiliondoka saa tano kasorobo. Nahodha ni mtu mzima wa Nungwi, mvuvi kabla hajawa mbeba wageni. Wakiwa bado wanapakia mitungi walisemezana hivi:

"Mwanangu, leo bamvua. Mkimaliza Pegasus maji yatakuwa yanakwenda."

"Tutakwenda nayo, ami."

"Basi wa pili uwe Great Northern. Maji mafupi, watu wataogelea wanacheka."

"Chuma watakuwa wameshakiona, ami. Sasa wanataka matumbawe."

Great Northern ni meli ya kutandika nyaya za simu chini ya bahari, iliyozama kwenye mwamba nje ya mji mwishoni mwa 1902. Imelala kwenye mita 12 hivi, na ndipo wanafunzi wengi wa Unguja huonjeshwa meli iliyozama kwa mara ya kwanza. Pendekezo la nahodha lilikuwa na faida tatu kwa mpigo: kina kifupi baada ya kina kirefu, njia ya karibu ya kurudi, na hakuna pango. Halikujibiwa kwa hoja, lilijibiwa kwa tabasamu. Katika vyombo vyetu nahodha husikilizwa kuhusu upepo, mashine na mafuta. Mahali pa kuzamia ni uamuzi wa mwenye cheti. Desturi hiyo mimi siipendi, na kisa hiki kimenipa sababu ya kulisema hadharani.

Jina kubwa lilimaliza tahadhari yote

HMS Pegasus ilikuwa manowari ya Waingereza, iliyoshushwa majini 1897. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 ilikuwa imetia nanga mbele ya mji, mitambo yake ikitengenezwa, ilipotokea Königsberg ya Wajerumani kutoka maficho yake ya Rufiji na kuifyatulia mizinga. Ya Königsberg ilifika mbali, ya Pegasus haikufika, kwa hiyo ilikuwa kupigwa tu. Mabaharia zaidi ya 30 walipoteza maisha, na baadhi yao wamezikwa Chapwani, kile kisiwa cha makaburi tunachokiona kutoka Forodhani. Mwaka uliofuata Königsberg nayo iliangamia mlemle Rufiji. Ukienda Mombasa, Fort Jesus, utakuta mzinga wa Pegasus na mzinga wa Königsberg vimewekwa pamoja, mahasimu wawili wanapigwa picha na watoto wa skuli. Kilichobaki cha Pegasus kimetawanyika mchangani kwenye kina cha kama mita 40, kikomo cha mzamiaji wa burudani.

Kwenye kina hicho hesabu ni kali. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo mmoja sawa na ule wa hewa ya juu, hivyo mita 38 ni karibu mara tano. Mtu anayevuta lita 20 za hewa kwa dakika akiwa barazani huvuta lita 96 kule chini. Mtungi wa kawaida wa alumini, lita 11 kwa mgandamizo wa bar 200, una lita 2,200 tu. Ongeza na ulevi wa naitrojeni, ambao humfanya mtu ajione mwerevu wakati akili inaburura miguu. Kiongozi aliyajua yote hayo na aliyaeleza vizuri. Aliwapa dakika 8 chini, warudi kwenye kamba mtu wa kwanza akifika bar 110, na mtungi wa akiba ulining'inizwa chini ya chombo, mita 5. Mkondo ulikuwepo tayari, ila walishuka kwa kamba na kupanda kwa kamba, haukuwasumbua sana.

Kompyuta ya kijana inathibitisha nidhamu hiyo: kina cha juu kabisa mita 37.6, kupanda taratibu, kusimama mita 5 kwa dakika tano. Mama wa Nairobi aliniambia maji yalikuwa na ukungu, waliona hatua chache tu mbele, halafu bamba la chuma likajitokeza na chewa mkubwa chini yake hajali kitu. Walipanda chomboni wakipongezana.

Ndipo, kwa maoni yangu, walipolegea. Maswali yote ya asubuhi yalikuwa ya Pegasus. Kuhusu mzamo wa pili maelezo yalitolewa huku watu wakila nanasi na kiongozi akibadilisha mitungi: mita 18, tufuate ukuta, tupande bar 50. Pango halikutajwa, kwa kuwa halikuwa kwenye mpango.

Ndani

Waliingia majini saa saba na robo, mkondo ukiwa umekaribia kilele chake. Upande wa nje wa mwamba ule maji husuguana na ukuta na kukimbia nao. Badala ya kuuacha uwachukue, kama inavyofanywa kwa mzamo wa mkondo, walianza kupiga miguu kinyume, maana chombo kilikuwa kimefunga kwenye boya nyuma yao. Dakika 15 za namna hiyo zinamaliza mtungi. Kijana alikuwa bar 95 kiongozi alipowaonyesha mkono: njooni huku, kuna kivuli cha mkondo.

Kivuli chenyewe ni tundu kwenye ukuta, mita 17, upana wake kama mlango wa duka. Ndani kuna chumba cha kama mita sita au saba, dari la chini, sakafu ya tope jepesi ambalo halijaguswa na mkondo tangu miaka. Kiongozi analijua vizuri, ameshaingia mara nyingi peke yake au na mwenzake wa kazi. Wavuvi nao wanalijua. Nahodha aliniambia wazee wake hawakushusha mshipi pale, wakisema pana wenyewe. Siicheki kauli hiyo. Sehemu ambayo ndoana hukwama, na mtu akiizamia ndoana harudi, lazima ipate wenyewe.

Mama wa Nairobi alifika mlangoni, akatazama ndani, akatikisa kidole: hapana. Mumewe akabaki naye. Kiongozi aliingia mbele, kijana akamfuata.

Mpangilio huo ndio kosa kubwa la dakika ile, kubwa kuliko kuingia kwenyewe. Ndani ya pango njia ya kutoka iko nyuma, kwa hiyo anayeijua njia akitangulia, mgeni ndiye anayebaki kati yake na mlango. Kijana alipiga mapezi juu chini kama alivyofundishwa kwa maji ya wazi, na kila pigo likanyanyua tope. Mapovu yake yakagonga dari na kuangusha taka zilizoshikilia huko. Ndani ya pango hupigwa miguu ya chura, magoti yamekunjwa, mapezi yakisukuma nyuma, jambo ambalo kijana hakuwahi kufundishwa wala kuambiwa. Kiongozi alipogeuka hakuona mgeni, hakuona mlango. Aliona mwanga wa tochi yake mwenyewe umerudi usoni.

Kijana anasema alisikia mtungi wake ukigonga mwamba juu, akadhani ameelekea chini, akajaribu kupanda na kugonga tena. Hapo pumzi zikaenda mbio. Kompyuta inaonyesha dakika tano kati ya mita 15 na 17, na geji ikishuka kutoka bar 95 hadi 40. Ni bar 11 kila dakika. Kwa utulivu, kina kilekile, angetumia kama bar 5.

Kilichowatoa ni mama wa Nairobi. Alipoona tope linamwagika mlangoni kama moshi, alishika ukingo wa mwamba kwa mkono mmoja na kwa mwingine akaielekeza tochi ndani, akiizima na kuiwasha, akiizima na kuiwasha. Hakuingia. Mumewe alitaka kuingia, yeye akamkamata mkanda wa jaketi. Kiongozi aliuona mwanga ule ukipigapiga upande ambao hakuutarajia, akaufuata akipapasa ukuta, na njiani akakutana na mguu wa kijana, akauvuta. Mama huyo hana cheti kikubwa kuliko wenzake. Alifanya mambo mawili yaliyokuwa sahihi siku ile: alikataa, na alibaki mlangoni.

Sasa hesabu. Wazamiaji wa mapangoni wana kanuni ya theluthi: theluthi ya hewa kuingilia, theluthi kutokea, theluthi ya mwenzako akipatwa na jambo. Ukianza na bar 200, unageuka ukifika bar 133 hivi. Sheck Exley, Mmarekani wa Florida aliyezichambua ajali za mapangoni moja baada ya nyingine miaka ya 1970, aliiweka kanuni hiyo pamoja na nyingine chache: usiingie bila ugwe uliofungwa kuanzia maji ya wazi, uwe na tochi tatu, usipite kina chako; baadaye ikaongezwa ya kutoingia bila mafunzo. Mpime kijana kwa kanuni hizo. Mafunzo hakuwa nayo, ugwe haukuwepo, tochi ilikuwa moja, na hewa yake ilikuwa imeshapita kikomo cha kugeuka kwa bar 38 kabla hajatia kichwa ndani. Kwake yeye tundu lile lilikuwa limefungwa kabla hajaliona.

Wenzangu wananijibu kwamba lile si pango, ni uvungu tu, mwanga wa mchana unafika mpaka ukuta wa nyuma. Unafika, ndiyo, mpaka pezi la kwanza liguse tope.

Sekunde 40 na saa sita

Wakatoka. Kijana akiwa nje, mita 16, na bar 40 kwenye geji, alimwona kiongozi akimwonyesha ishara ya kutulia, akaangalia juu, akapanda. Sekunde 40 mpaka juu ya maji. Ni mwendo wa mita 24 kwa dakika, wakati mwendo unaofundishwa na wengi siku hizi ni mita 9. Hakusimama mita 5. Bar 40 za mtungi ule ni lita 440. Kupanda taratibu na kusimama dakika tatu kungemgharimu lita zisizozidi 400, hata kwa pumzi za mtu aliyeogopa. Tena mtungi wa akiba ulikuwa bado unaning'inia chini ya chombo. Bahati yake kubwa ni kwamba alipanda akipiga kelele, na kelele ni hewa inayotoka. Angebana pumzi, mapafu yangeweza kupasuka na leo ningeandika kisa kingine.

Chomboni kiongozi alimuuliza, "Uko sawa, kaka?" Akajibu, "Niko sawa." Sanduku la oksijeni lilikuwa chini ya benchi na halikufunguliwa.

Hapa simtetei kiongozi hata kidogo. Mtu aliyekwenda mita 37 asubuhi, akapumzika saa moja na robo, akashuka tena, kisha akaruka juu kwa sekunde 40, humuulizi hali yake. Unamlaza, unamvisha oksijeni, unampa maji ya kunywa, unapiga simu. Naitrojeni iliyoyeyuka mwilini chini ya mgandamizo inahitaji muda wa kutoka kupitia mapafu. Ukiinyima muda hugeuka viputo, na viputo havisikilizi adabu za mgeni asiyetaka kusumbua watu.

Kijana alianza kuhisi ganzi ya kidole gumba kwenye saa kumi, akanyamaza. Jioni walikutana Forodhani, yeye na mke na mume wa Nairobi, wakaagiza urojo. Kijiko kilimponyoka mara mbili. Mara ya tatu akakihamishia mkono wa kushoto.

"Kaka, mkono una nini?" mama akauliza.

"Bega tu, dada. Ni ile mitungi niliyobeba."

"Hukubeba mtungi hata mmoja. Kiongozi ndiye aliyebeba yote."

Akampigia simu kiongozi palepale. Kiongozi, na hili nalo liandikwe, hakubishana wala kusema subirini kesho. Alifika na sanduku la oksijeni na gari, wakaondoka kwenda Matemwe. Oksijeni iliwaishia Kinyasini. Toka atoke majini mpaka avishwe oksijeni kwa mara ya kwanza zilikuwa zimepita karibu saa sita.

Alitibiwa kwa Jedwali la 6 la jeshi la majini la Marekani, linalotumika karibu kila mahali: mgonjwa anagandamizwa kama vile yuko mita 18, anavuta oksijeni kwa vipindi, kisha anapandishwa mita 9 na kuendelea, jumla karibu saa tano. Maumivu ya bega yaliisha humohumo ndani. Ganzi ya kidole ilichelewa.

Tiketi yake ya kurudi Dar ilikuwa ya ndege ya saa moja asubuhi. Aliyezamia zaidi ya mara moja anatakiwa akae angalau saa 18 kabla ya kuruka. Yeye zingekuwa 17 na dakika chache, hata kama angekuwa mzima kabisa. Angekata tiketi ya boti tu. Swali la unaondoka lini na kwa usafiri gani halimo kwenye fomu ya kituo kile, wala kwenye fomu nyingi nilizowahi kuziona.

Nini kinabadilika

Wapo wanaotaka mwamba ule ufungwe kwa wageni. Sikubaliani nao. Mwenye mafunzo, ugwe na tochi zake, aliyeanza mzamo wake mlangoni na mtungi uliojaa, aachwe aingie. Wengine waangalie kutoka nje. Ninachotaka mimi ni kidogo na hakina gharama: chombo kikichelewa zaidi ya saa moja, mpango wote upigwe upya kuanzia jedwali la maji, na nahodha akisema hapana kuhusu mahali, iwe hapana. Kiongozi amekubali la kwanza. La pili anasema litavuruga heshima chomboni. Nahodha alipoambiwa hivyo alicheka tu.

Kilichobaki ni bili. Mke na mume wa Nairobi walikuwa na bima ya uzamiaji, kwa sababu chama chao hakikubali mtu bila hiyo. Kijana hakuwa nayo, na bima yake ya kazini imemjibu kwamba uzamiaji hauhusiki. Kituo kimelipa nusu na kusema ni ubinadamu, si deni. Kijana anadai yote. Mtu wa kati wamempata, ni mzee mmoja wa Malindi anayeheshimiwa na pande zote mbili, na wiki ijayo wanakutana kwake baada ya sala ya alasiri.